Umechaguliwa kwenye programu ya uongozi wa kilimo: anza hivi

Simu imeita, umeambiwa jina lako limo. Utahudhuria programu ya kukuza viongozi wa kilimo, siku tatu au nne kila kipindi, pengine Uyole kule Mbeya, pengine Iringa mjini au Njombe, kwa miezi kadhaa. Nyumbani wamefurahi, na jirani ameshaanza kukuita mheshimiwa.

Nilipita njia hiyo nikitokea upande wa Isyonje, mkoani Mbeya, kwenye kilimo cha viazi mviringo. Tangu hapo kila msimu napata vijana na akina mama wanaokuja kuniuliza waanzie wapi. Nimekaa nikaandika yale ninayowaambia, kwa sababu nimeona watu wazuri wakipotea katika programu hizi, na wengi hawapotelei darasani. Wanapotelea katika wiki ya kabla ya kuondoka na wiki ya baada ya kurudi, wakati hakuna mwezeshaji anayewatazama.

Kidogo kuhusu mambo haya yalikotoka. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Michigan State kule Marekani kilianza kuwakusanya wakulima vijana, kwa fedha za Kellogg Foundation, wakasoma mambo ya uchumi, siasa na jamii, wakasafiri kuona wengine wanavyoishi. Walikuwa tayari wanajua kulima. Walichokosa ni namna ya kusimama na kusema panapoamuliwa mambo yao. Programu nyingi za aina hii duniani zimefuata mkondo huo. Sisi nasi tuna historia yetu: Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo, na mwaka 1993 wakulima walianzisha MVIWATA, mtandao wenye makao yake Morogoro, kwa kaulimbiu kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Ikumbuke kaulimbiu hiyo, maana ndiyo kazi unayokwenda kujifunza.

Hatua ya 1: Jua nani amekutuma

Fomu imejazwa na wewe, lakini nafasi uliyopewa si yako peke yako. Kabla hujapanda gari, zungukia nyumba kumi. Usichague nyumba za marafiki tu. Tafuta mwenye ekari nyingi, tafuta anayelima kwa kukodi, tafuta kibarua asiye na shamba, mjane mmoja, na yule aliyejitoa kwenye chama kwa hasira. Huyo wa mwisho mara nyingi ana habari ambazo viongozi hawazisemi.

Piga hodi vizuri. Kama uko Iringa au Njombe, "kamwene" yako itangulie, na mzee apate shikamoo yake kabla hujatoa daftari. Kaa. Ukikuta mama anachambua maharage, chambua naye. Halafu uliza swali moja: "Msimu uliopita ni kitu gani hasa kilikuharibia?"

Usiulize "changamoto zenu ni zipi". Watu wetu wameulizwa hivyo na wageni wengi mno, na jibu wanalo tayari: barabara, pembejeo, soko. Wanakupa kama wanavyompa mgeni chai, kwa heshima tu. Ukiuliza kilichomharibia yeye, msimu ule, utasikia mambo mengine kabisa. Bibi mmoja aliniambia: "Nilitoa magunia kumi na nane, hela nikapata ya kumi na mbili." Niliandika sentensi hiyo kama ilivyo. Sikuifanya iwe "bei duni ya mazao". Baadaye sentensi ile ndiyo iliyonifungulia kila mlango niliobisha.

Waage pia mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na afisa ugani wenu. Mtendaji utamhitaji kwa barua ya utambulisho, lakini hata kama barua haitakiwi, nenda. Na afisa ugani usimruke. Yeye anahudumia vijiji kadhaa kwa pikipiki moja, na mafuta mara nyingine anatoa mfukoni. Akisikia kwamba kuna mtu amekwenda kufundishwa kilimo bila kumuaga, ataona unakuja kumnyang'anya kazi. Mwambie: "Bwana shamba, nikirudi nitakuletea daftari tulisome pamoja." Kisha lipeleke kweli.

Hatua ya 2: Acha shamba na nyumba vikiwa na mtu

Kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ratiba za programu hupangwa ofisini, na mara nyingi kipindi kimoja kinaangukia wakati wa kupanda, kingine wakati wa mbolea ya kukuzia. Omba ratiba yote mapema, uiweke pembeni ya kalenda ya shamba lako, uzungushie tarehe zinazogongana. Mahindi yanaweza kukusubiri siku mbili tatu kwa mbolea. Viazi havisubiri dawa ya ukungu: baka jani chelewa likiingia katika mvua na baridi linaweza kuunguza shamba zima ndani ya siku chache. Basi mkabidhi mtu mmoja, kwa jina, kazi ya kupulizia. Mwachie dawa, bomba na hela yake, na mwandikie tarehe. "Watoto watapulizia" si mpango.

Mama mwenye mtoto anayenyonya apige simu kabla, aulize kama anaweza kuja na mtoto na mlezi. Programu nyingi zinakubali zikiulizwa mapema, na hakuna aibu yoyote katika kuuliza.

Chukua kitambulisho cha NIDA, barua yako, na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe kwa ajili ya nauli. Mtu akikupigia kudai hela ya usajili ili nafasi yako isipotee, usitume kitu. Nenda ofisi ya kilimo ya halmashauri ukaulize. Na beba sweta nzito. Mwezi wa sita na wa saba Uyole na Njombe hakuna mzaha.

Hatua ya 3: Nenda na tarakimu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoona tofauti kati ya washiriki.

Siku ya kwanza darasani kila mmoja atasimama na kusema wakulima wa kwao wanapata hasara. Watu thelathini watasema hivyo. Atakayesikilizwa ni yule atakayesema: kaya kumi, magunia haya, yalikuwa na uzito huu, yaliuzwa kwa bei hii, tarehe hii. Si lazima uwe umesoma sana ili kufanya hivyo. Unahitaji daftari, kalamu na mizani ya kuning'iniza.

Chukua mfano wa lile neno la bibi. Viazi vyetu kwa miaka vimekuwa vikitoka shambani kwa lumbesa: gunia linajazwa, kisha juu ya mdomo linajengewa kichwa na kushonewa kwa kamba. Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa inazidi, lakini mnunuzi analihesabu kuwa gunia moja. Kila mtu anajua kwamba anaibiwa. Ni kiasi gani, wachache wanajua.

Pima hivi. Nenda siku ya kuvuna, mwenye shamba akiwepo, na yeye ndiye asome mizani, si wewe. Pima magunia matatu kwa kila kaya, yasiwe yale makubwa tu wala madogo tu. Kama mizani yako inaishia kilo 100, toa viazi kwa debe, pima debe moja moja, jumlisha, urudishe. Andika tarehe, andika kama viazi vilikuwa na udongo mbichi, maana udongo nao una uzito na mnunuzi atakuuliza. Andika bei na aliyeilipa, awe dalali au mwenye Fuso mwenyewe.

Sasa fanya hesabu mbele ya mwenye mazao. Tuseme lumbesa zake zina kilo 130 kila moja na ameuza 20. Kila gunia limetoka na kilo 30 za ziada, mara 20 ni kilo 600. Hayo ni magunia sita ya kilo 100 yaliyoondoka bila kulipiwa. Mwache anyamaze kidogo. Nimeona mzee akichukua kijiti na kuirudia hesabu hiyo mwenyewe kwenye vumbi, mara mbili, halafu akaniuliza mizani inauzwa wapi.

Kama kwenu zao ni jingine, tafuta kipimo chake. Mahindi: ni sado ngapi anazotoa mkulima kama "asante" kwa mnunuzi? Maziwa: lita ngapi zilikataliwa mwezi huu na kwa sababu gani? Parachichi: katika kila kreti, ni matunda mangapi yalirudishwa kwa sababu ya kuchunwa kabla hayajakomaa? Kurasa tatu za tarakimu zinatosha. Ziwe safi, na ziwe na majina ya waliokubali kuandikwa. Asiyekubali muandike "kaya ya 7" na uheshimu hilo.

Hatua ya 4: Darasani kaa na mtu wa zao jingine

Utakutana na kila aina ya mtu: mwenyekiti wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya kahawa kutoka Mbozi, mama wa chai kutoka Rungwe, kijana aliyepitia mashamba ya BBT, ule mpango wa serikali wa kilimo kwa vijana, mkulima wa mpunga kutoka Mbarali, pengine afisa ushirika na mtu wa benki. Kawaida tunakimbilia wa kwetu, tunaongea kilugha chetu pembeni, na kipindi kinaisha. Nakuomba usifanye hivyo. Wa kwenu utamkuta kwenu.

Mimi nilijifunza zaidi kwa mzee wa mpunga kuliko kwenye somo lolote. Katika skimu ya umwagiliaji, aliye karibu na banio, pale maji ya mto yanapoingilia mfereji, anaweza kumkausha aliye mwishoni mwa mfereji bila hata kumwona. Nilimuuliza wanazuiaje. Akanieleza zamu: kila mfereji na siku yake, imeandikwa, kuna mtu anayesimamia, kuna faini, na faini inalipwa hata na mwenyekiti. "Siku mwenyekiti alipolipa," aliniambia, "ndiyo siku skimu ilipoanza." Halafu akanionyesha upande wa pili wa jambo lenyewe: maji yote yale ya bonde la Usangu, wanakolima wao, yanaelekea Ruaha Mkuu, na tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka sehemu zake kila kiangazi, huko chini kuna hifadhi, wafugaji na bwawa la Mtera. Kwa hiyo wao wanaolalamika kwa aliye juu yao, wako juu ya mtu mwingine. Sikuwahi kufikiri kuhusu viazi vyangu na maji ya bondeni kwa namna hiyo.

Maneno yatakuwa mengi: mnyororo wa thamani, uhimilivu wa tabianchi, ushawishi na utetezi. Kila neno ambalo huwezi kumwambia mama yako akalielewa, liwekee alama ya kuuliza, na wakati wa chai mfuate mwezeshaji. Mwambie, "Naomba unieleze hili kwa viazi." Mwezeshaji mzuri atafurahi. Mnyororo wa thamani kwa viazi ni hivi: mbegu, shamba, gunia, Fuso, soko la Mabibo kule Dar es Salaam au la SIDO hapa Mbeya, sahani ya chipsi. Kila mahali hapo kuna mtu anayepata na anayepoteza. Ukishaliona hivyo hutalisahau.

Kuhusu posho nitasema wazi. Kiasi kikipungua au kikichelewa, ulizeni kwa utaratibu, mkiwa na mwakilishi mmoja. Lakini nimeshuhudia kipindi kizima cha asubuhi kikimalizikia kwenye mabishano ya posho, na yule mama aliyekuwa awasilishe tarakimu za kijiji chake hakupata nafasi. Alikuja na daftari lake, akarudi nalo. Jambo hilo bado linaniuma.

Hatua ya 5: Chagua mradi unaoweza kumalizika msimu mmoja

Programu karibu zote zitakutaka uanzishe jambo kijijini. Hamu itakuwa kubwa: kiwanda kidogo, ghala, trekta ya pamoja. Chagua dogo. Liwe jambo linaloweza kuanza na kuisha ndani ya msimu, kwa nguvu mlizonazo, na ambalo likiharibika watu hawatakosa chakula.

Mimi sikufuata hilo. Msimu wangu wa kwanza nilikusanya hela za kaya 14 tununue mbegu za viazi kwa pamoja ili tupunguziwe bei. Nilimpata muuzaji mwenye maneno mazuri, mbegu zilikuwa na ukubwa mzuri na chipukizi nzuri. Sikwenda kuona shamba zilikotoka. Viazi vikaota vyote. Kwenye wiki ya sita hivi, mmoja wetu akaniita: mimea inanyauka mchana, majani bado ya kijani, jioni inainuka tena. Alidhani ni jua.

Tulimwita bwana shamba. Alichofanya siku ile nataka ukijue, kwa sababu utakifanya wewe mwenyewe siku moja. Aliomba glasi ya maji safi. Akang'oa mmea mmoja, akakata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, akakitumbukiza sehemu ya juu tu ya maji, amekishika kisitikisike. Tukasubiri, hakuna aliyesema neno. Baada ya dakika chache ukaanza kushuka kwenye maji uzi mweupe, kama mtu anadondosha maziwa taratibu. Ni mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kupulizia. Unakaa kwenye udongo kwa miaka, unasafiri na maji, na jembe, na viatu, na zaidi ya yote unasafiri na mbegu.

Niliitisha mkutano nikasema kosa ni langu, nilishika hela za watu na sikukagua. Kaya mbili zilijitoa, na zilikuwa na haki. Zilizobaki tuliweka utaratibu ambao tunaufuata hadi leo: hakuna mbegu inayonunuliwa kabla watu watatu hawajaliona shamba lake likiwa bado na majani, na kuuliza kilichopandwa hapo kabla. Kama ilikuwa nyanya, biringanya au viazi vyenyewe, tunaondoka. Na kwa kuwa huku juu baridi inaweza kuuficha mnyauko, mmea ukaonekana mzima na kiazi kikawa tayari kimeubeba, macho hayatoshi. Tunatafuta mbegu iliyothibitishwa, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tunawauliza watafiti wa kilimo wa TARI Uyole ni aina gani inafaa mwinuko wetu. Zipo aina kama Asante, Meru na Sherekea, kila moja na tabia yake, na ni vizuri kuuliza kabla ya kupenda. Mashamba yaliyougua tuliyapumzisha viazi, tukapanda mahindi na ngano.

Msimu uliofuata mradi wangu ulikuwa mizani moja na daftari moja kwa kaya zile 12. Basi. Ulimalizika, ukaonekana, na watu wakaja wenyewe.

Hatua ya 6: Rudisha mrejesho ndani ya siku saba

Ukikaa zaidi ya wiki, watu wanaanza kusema umekula hela. Hata kama hukula.

Siku ya mkutano wa mrejesho usiichague peke yako. Isiwe siku ya gulio, isiwe Jumapili asubuhi, na kukiwa na msiba kijijini, ahirisha uende msibani kama wengine. Saa tisa alasiri ni nzuri, watu wametoka shambani na akina mama bado hawajaanza kupika. Dakika arobaini zinatosha. Mara ya kwanza nilizungumza muda mrefu mno, kwa maneno yale ya darasani, na nikaona akina mama wa nyuma wakinyanyuka mmoja mmoja, wakiinama kwa adabu wasinikatishe.

Anza kwa kusoma maswali yao. Fungua lile daftari la nyumba kumi: "Mama aliniambia alitoa magunia kumi na nane akapata hela ya kumi na mbili. Nimeuliza. Jibu nililopata ni hili." Endelea hivyo. Usilolipatia jibu, sema hukulipata na utaliulizia wapi. Mtu akisikia maneno yake mwenyewe yakisomwa mbele ya watu, yakiwa yamefika Uyole na kurudi, anakaa sawasawa kwenye benchi.

Kisha onyesha kitu kimoja kwa mikono. Glasi ya maji na shina, kama ugonjwa upo. Gunia na mizani, kama ni kuvuna. Kama ni mahindi machanga, nendeni shambani asubuhi, mfungue moyo wa mmea mtafute viwavijeshi vamizi na ule uchafu wao kama vumbi la mbao. Mtindo huu wa kujifunzia shambani kwa macho ndio wa shamba darasa, ulioanzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa FAO, na sijaona unaoushinda.

Mpe bwana shamba nafasi ya kusema, kabla ya wewe kumaliza. Na kama akina mama wamekaa nyuma kimya, usiwaambie "akina mama mseme" mbele ya wote. Gawanyeni makundi madogo kwa dakika kumi, kila kundi lilete jambo moja, na mwanamke asome la kundi lake. Waliokosa kufika wapitie nyumbani, au kama mna kundi la WhatsApp rekodi sauti ya dakika mbili kwa lugha ya hapo. Kumbuka wenye kitochi hawataisikia, kwa hiyo miguu bado inahitajika.

Hatua ya 7: Bisha hodi ofisini kwa wakati wake

Viongozi wapya wengi huenda halmashauri mwezi wa tano au wa sita kuomba jambo, wanaambiwa bajeti imeshapita, wanarudi wakisema serikali haisikii. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na vipaumbele vinaanza kukusanywa kutoka vijijini miezi mingi kabla ya hapo. Jambo lenu liingie kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unapaswa kukaa kila miezi mitatu, liandikwe kwenye muhtasari, na upate nakala. Muhtasari wenye muhuri una nguvu kuliko hotuba yako.

Msiende mmoja. Nendeni watatu, mmoja awe mwanamke, na kila mtu ajue atasema nini: mmoja aeleze tatizo, mmoja aonyeshe tarakimu, mmoja aseme mnachoomba. Ombeni kitu kimoja. Sisi tulipokwenda kuhusu lumbesa tulikuwa na karatasi mbili tu za uzito wa magunia, tukaomba Wakala wa Vipimo waje siku ya kupakia. Barua peleka mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Kama kikundi chenu kinataka mtaji, ulizia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utahitaji kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti, kwa hiyo anzeni na hayo kabla ya kuandika kiasi mnachotaka. Na kama mko kwenye AMCOS, ombeni kusomewa taarifa ya ukaguzi wa COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Iombe kwa heshima, kila mwaka, hata kama mwenyekiti ni mjomba wako.

Hatua ya 8: Kabla ya kipindi cha pili

Siku mbili kabla ya kusafiri tena, rudi kwenye nyumba zile kumi. Safari hii uliza: "Nikupelekee swali gani?" Utaona maswali yamebadilika, yamekuwa makali zaidi, na mengine yanakuhusu wewe mwenyewe. Yaandike yote.

Kwa bibi wa magunia kumi na nane nilipita jioni, mizani begani. Alikuwa amebakiza gunia moja la viazi vya kula. Tukalining'iniza kwenye boriti ya jikoni, akasogeza taa, akasoma namba mwenyewe kwa sauti, kisha akaniambia niandike swali lake: wale wanaonunua kwa kilo wanakaa wapi, na yeye atawafikiaje akiwa na magunia machache. Niliandika, nikaweka tarehe, na kesho yake alfajiri nikapanda gari la Uyole.